Skauti wadogo na moto: maswali ninayoulizwa kila kiangazi

Ninaongoza kundi la skauti katika shule moja ya msingi huku Mufindi, jirani kabisa na misitu ya misindano. Kila mwaka ikifika Mei, mvua zikishakata na nyasi zikianza kugeuka rangi, tunaanza mafunzo ya moto, na simu yangu inajaa maswali yaleyale. Nimeyakusanya hapa. Mengi ni ya wazazi, mengine ya walimu wenzangu wa Iringa, Njombe na Mbeya. Machache yametoka kwa watoto wenyewe, na hayo ndiyo yaliyonitoa jasho.

Mwalimu, kumfundisha mtoto mambo ya moto si ndiyo kumfungulia njia ya kuuchezea?

Mama aliyeniuliza hivi nilimrudishia swali: leo asubuhi jiko limewashwa na nani? Akacheka. Aliyewasha ni binti yake wa miaka 9, kabla ya kwenda shule.

Miongozo mingi ya skauti iliyoandikwa ughaibuni huanza na namna ya kushika njiti ya kibiriti. Watoto wetu wamepita hapo zamani. Wanajua kupepea mkaa, wanajua kuni gani inatoa moshi, na wapo wanaowasha kuni mbichi siku ya mvua wakati mimi nimeshakata tamaa. Wasichojua ni la kufanya moto ukitoka pale ulipowekwa. Tunafundisha hilo tu.

Mnaanza na watoto wa umri gani?

Kabu, yaani skauti mdogo, wa miaka 7 anaweza mambo manne: kutambua hatari, kupiga kelele, kutoka, na kutorudi ndani. Kuanzia miaka 11 hivi tunaongeza mtungi wa kuzimia moto, huduma ya kwanza na kusimamia moto wa kambi. Kupambana na moto wa msituni hakumo kwenye orodha ya umri wowote, na nitaeleza sababu huko mbele.

Siku ya kwanza inakuwaje?

Mshumaa, sahani, na chupa tatu za kioo za ukubwa tofauti. Nawasha mshumaa, nafunika kwa chupa ndogo, watoto wanahesabu kwa sauti mpaka uzimike. Kisha ya kati, kisha kubwa. Hakuna anayehitaji kuambiwa kwamba moto unakula hewa, maana ameuona ukikosa pumzi. Ndipo nachora pembetatu ubaoni: joto, hewa, na kitu cha kuungua. Ukiondoa pembe moja moto unakufa. Nawauliza: mama akifunika kikaango ameondoa pembe ipi? Ukimwagia mkaa maji? Ukichomoa kuni kwenye mafiga? Baada ya nusu saa wanaulizana wenyewe.

Mwaka wa kwanza nilijidhalilisha mbele yao. Niliinama kuwasha mshumaa na skafu yangu ikaning'inia juu ya mwali. Ilikuwa ya nailoni. Haikuwaka kama kitambaa cha pamba, iliyeyuka, na tone moja jeusi likaangukia kifundo cha mkono na kuganda pale pale juu ya ngozi. Kovu ni dogo kama punje ya mtama. Tangu siku hiyo amri ya kwanza ni: skafu ndani ya shati, nywele ndefu zifungwe, mikono ya sweta ikunjwe. Watoto huomba kuliona kovu, nami nawaonyesha.

Watoto wanafundishwaje kutoka kwenye moshi bila kuwatia moshi?

Tunawafunga skafu machoni. Darasa linapangwa kama nyumba: madawati ni kuta, blanketi limening'inizwa mlangoni. Kila mtoto anaanzia "kitandani" na anatakiwa atoke nje.

Raundi ya kwanza karibu wote husimama na kukimbia, wanagonga madawati. Ndipo nawaeleza kwamba moshi hupanda juu, na hewa inayofaa kuvutwa imebaki chini, karibu na sakafu. Raundi ya pili wanatambaa. Hapo linajitokeza tatizo jingine: anayetambaa katikati ya chumba hupotea. Nina kijana mmoja alizunguka kona moja mara tatu akidhani anasonga mbele, wenzake wakicheka, mpaka akaanza kulia. Tukakubaliana kanuni: mkono mmoja ukutani, usiuachie, ukuta utakufikisha mlangoni. Aliporudia alitoka kwa muda mfupi kuliko wote.

Mlango ukiwa umefungwa, uguse kwa nyuma ya kiganja kabla ya kufungua. Ukiwa wa moto usifungue. Ziba nafasi ya chini kwa nguo, nenda dirishani, piga kelele.

Na nguo zikishika moto?

Simama, lala, viringika, mikono ikiwa imefunika uso. Ukikimbia unaupa moto upepo. Kabu wanalipenda zoezi hili kuliko yote kwa sababu linaruhusu kuchafua sare, basi andaeni sabuni.

Mtoto wangu anakwenda kusoma bweni. Ajue nini?

Katika mkoa wetu wa Iringa hili si jambo la kufikirika. Agosti 2009 bweni la wasichana la Sekondari ya Idodi, njia ya kwenda Ruaha, liliungua usiku na wanafunzi 12 wakafa. Ulitajwa mshumaa. Miaka 15 kabla yake, Juni 1994, Shauritanga kule Kilimanjaro ilipoteza wasichana zaidi ya 40 kwa moto wa bweni.

Kwa hiyo skauti anayekwenda bweni namwagiza afanye ukaguzi usiku wa kwanza, kabla hata hajatandika kitanda. Milango ya kutokea ni mingapi? Usiku inafungwa kwa ndani au kwa nje, na ufunguo anakaa nao nani? Madirisha yana nondo? Je, kuna dirisha hata moja ambalo nondo zake zinafunguka? Kutoka kitandani kwake mpaka mlangoni kuna vitanda vingapi? Avihesabu kwa mkono akiwa amefumba macho. Na mshumaa usiingie kwenye chandarua wala chini ya shuka hata kama kesho kuna mtihani. Tochi ndogo au taa ya sola siku hizi inapatikana kwa bei ambayo wazazi wengi tunaimudu.

Mzazi naye ana kazi yake. Mlango unaofungwa kwa nje kwa kufuli hauna utetezi. Waulize walimu siku ya kumpeleka mtoto, kwa adabu, lakini uliza.

Maranda yana hatari gani? Mbona yanaonekana yamezimika?

Swali hili ni la Mafinga na vitongoji vyake, palipojaa viwanda vya mbao. Nilishangaa kukuta halimo katika mwongozo wowote niliousoma.

Lundo la maranda huungua kwa ndani. Juu linaonekana majivu ya kijivu, baridi, pengine limeota hata ukoko baada ya mvua. Chini kuna kaa zinazojila polepole kwa siku nyingi kwa hewa kidogo tu. Mtoto anapita njia ya mkato, mguu unazama hadi kwenye goti, na anachokanyaga huko ni jiko. Majeraha yake huwa mabaya kwa sababu hawezi kuuchomoa mguu haraka. Anapojisukuma, mguu wa pili nao unazama.

Mazoezi yetu ni kusoma lundo kwa mbali. Asubuhi ya baridi, lundo lenye moto ndani hutoa mvuke mwembamba, na umande haukai juu yake. Pengine kuna harufu ya lami. Lakini kanuni haingoji dalili: lundo la maranda halipandwi, halikatizwi, halichezewi. Nyumbani nako, jiko la maranda likizimwa jioni lisimwagwe nyuma ya nyumba kabla ya kulowekwa maji na kukorogwa.

Mafuta yakilipuka kikaangoni je?

Funika kwa mfuniko au sinia, zima jiko, ondoka, usifunue kuchungulia. Maji hapana kabisa. Yanazama chini ya mafuta ya moto, yanageuka mvuke kwa mpigo, na mvuke huo unahitaji nafasi kubwa kuliko maji yenyewe mara 1,700 hivi, kwa hiyo unayarusha mafuta yanayowaka mpaka darini. Hili silifanyii maonyesho mbele ya watoto. Kufunika tunafanyia mazoezi na kikaango kitupu, kwa kusukuma mfuniko kutoka ubavuni ili mkono usipite juu ya mwali.

Gesi ikinuka ndani?

Funga koki, fungua milango na madirisha, toeni watu. Usiwashe wala usizime taa, cheche ya swichi inatosha. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, hutuama chini sakafuni, hivyo mlango ni muhimu kuliko dirisha la juu. Ukitaka kujua mpira unavuja wapi, paka povu la sabuni uone linapotoa mapovu. Kuna mtu alinieleza kwamba yeye hutumia kibiriti kukagua. Bado yu hai, ila sikumpa nafasi ya kuzungumza na watoto.

Huku Makete na Njombe baridi ya Juni na Julai inaua. Tusiingize jiko la mkaa chumbani?

Msiingize mkalala nalo. Mkaa unaowaka kwenye chumba kilichozibwa hutoa kaboni monoksaidi, hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Moshi wa kuni angalau unauona na kuunusa. Hii inakulaza zaidi. Dalili ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na usingizi mzito, na zikiwapata watu wote chumbani kwa wakati mmoja basi si malaria. Toka nje kwanza, mengine baadaye, kisha hospitali.

Mzee mmoja aliniambia wamelala na jiko tangu enzi za babu yake. Nikamjibu kwa heshima kwamba nyumba ya babu ilikuwa ya nyasi na ilipumua kila upande. Ya kwake ina bati, dari na madirisha ya kioo, na nafasi ya chini ya mlango ameiziba kwa gunia. Alinyamaza, kisha akauliza bei ya blanketi zito.

Skauti afundishwe kutumia mtungi wa kuzimia moto?

Wa miaka 11 na kuendelea, ndiyo, ila ajue kwanza mipaka yake. Mtungi wa poda wa kilo 6 unaisha ndani ya sekunde chache, chini ya nusu dakika. Ni wa moto mdogo kama ndoo, ukiwa na mlango mgongoni mwako. Moto ukishafika darini, achana nao.

Hatua ni: vuta pini, elekeza mdomo chini kwenye shina la moto, bana, fagia kulia na kushoto. Kosa la kila mtu ni kupiga poda kwenye ndimi za moto badala ya shina. Tunafanya mazoezi kwa chupa za maji zilizotobolewa kifuniko, shabaha ikiwa tofali. Mtungi halisi tunausoma tu: mshale uko kwenye kijani? Pini ipo? Ulikaguliwa lini? Nilikagua wa ofisi yetu wenyewe siku hiyo, mbele ya watoto, na mshale ulikuwa kwenye nyekundu. Aibu ile ilituletea mtungi mpya ndani ya mwezi mmoja.

Moto wa umeme: zima meni swichi kama unaifikia salama, na maji yasikaribie.

Msitu ukiwaka, skauti si ndio wa kwanza kwenda kusaidia?

Hapana, na hapa huwa nagombana na watu wazima. Huku kwetu Shamba la Miti Sao Hill ni ajira na ada za shule, ukipigwa mbiu watu wanakimbilia moto na matawi mabichi mikononi. Watoto wanataka kufuata. Lakini moto wa nyasi kavu za Septemba, upepo ukiwa umeshika, unampita mtu mzima mbio. Ukipanda mlima unaongeza kasi, kwa sababu joto linatangulia na kukausha majani yaliyo juu. Upepo ukigeuka, aliyekuwa nyuma ya moto anajikuta mbele yake.

Kazi ya skauti ni kabla na pembeni. Kabla: kufyeka nyasi kuzunguka shule mwezi Mei na Juni, kuondoa majani makavu yaliyorundikana ukutani, kuwakumbusha wenye mashamba kwamba kuchoma kunahitaji ruhusa ya serikali ya kijiji na siku isiyo na upepo. Pembeni: kupeleka taarifa, kuhesabu wadogo na kuwapeleka sehemu iliyo wazi, kuchota maji ya kunywa ya wazimaji. Ukikutwa na moto njiani, usikimbilie juu ya mlima. Tafuta ardhi iliyolimwa, barabara, au eneo ambalo limeshaungua na kupoa.

Kwa hiyo hakuna moto wa kambi?

Upo, kambi bila moto ni kulala nje tu. Skauti wamekaa kuuzunguka tangu kambi ya kwanza ya Baden-Powell, mwanzilishi wa skauti, kisiwani Brownsea kule Uingereza mwaka 1907. Ila si ndani ya misindano. Zulia la sindano zilizodondoka lina kina kirefu, kaa moja ikizama humo inaweza kufuka chini kwa chini kwenye mizizi na kuibuka mkiwa mmesharudi nyumbani.

Tunachagua uwanja wa udongo mtupu, tunafagia kama hatua nne kila upande, tunatazama juu kama kuna matawi, tunaweka ndoo mbili za maji na koleo kabla ya njiti ya kwanza. Moto uwe wa kuota, usiwe wa kutisha. Mlinzi wa zamu haondoki hata kwa ugali. Kuzima ni maji, koroga, maji tena, kisha nyuma ya mkono karibu na majivu, halafu ndani ya majivu. Kama huwezi kuyashika, hujazima. Upepo wa Agosti ukivuma, tunaimba kuzunguka taa ya sola. Haipendezi, nakubali.

Lori la mafuta likianguka barabarani?

Wanaoishi kandokando ya barabara ya Zambia, kuanzia Mafinga, Makambako, Uyole mpaka Tunduma, wanajua kwa nini nauliza mwenyewe. Tarehe 10 Agosti 2019 pale Msamvu, Morogoro, lori lililopinduka lililipuka watu wakichota petroli, wakafa zaidi ya 100. Mvuke wa petroli hauonekani, unatambaa chini, unafika mbali kuliko dimbwi lenyewe. Skauti anakwenda upande unakotoka upepo, mbali, na anawavuta wenzake. Ndoo anaiacha.

Anapiga namba gani, na anasema nini?

114, Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, bure. Aseme mahali, kinachoungua, kama kuna watu ndani, na asikate simu mpaka aambiwe. Tunaigiza kwa simu ya mbao. Mwanzoni watoto wote hujibu "nyumbani kwetu". Siku hizi tunatumia vibao vya anwani za makazi vilivyobandikwa mwaka 2022: jina la barabara na namba ya nyumba, yakaririwe. Na kwa kuwa vijijini gari linaweza kuchelewa sana, filimbi na majirani huja kwanza.

Akiungua?

Maji safi ya baridi yanayotiririka, dakika 20 kamili. Watu huacha baada ya dakika mbili maumivu yakipungua kidogo. Vua pete na bangili mapema kabla ya uvimbe, lakini nguo iliyoganda usiibandue. Funika kwa kitambaa safi. Dawa ya meno, yai, unga na mafuta ya taa vibaki kwenye kazi zake. Jeraha kubwa kuliko kiganja cha mtoto mwenyewe, au la uso, mikono au sehemu za siri, liende hospitali moja kwa moja.

"Mwalimu, mdogo wangu akiwa ndani, nitoke nimwache?"

Aliuliza kabu wa miaka 8 na darasa zima likanyamaza. Nilikuwa nimeshawaambia mara kumi kwamba ukitoka hurudi. Sikuwa nimefikiri kwamba wengi wao hulala na wadogo zao kitanda kimoja, na mama huwa amekwenda gulioni.

Nilimjibu hivi, na sijapata jibu bora zaidi. Kama yuko mkononi mwako unapotoka, mshike, mtambae pamoja, mburute kwa nguo kama amelala. Kama umeshatoka na yeye yumo, usirudi. Mwambie mtu mzima wa kwanza: jina lake, chumba, kitanda cha upande gani. Watoto wadogo hujificha chini ya kitanda au nyuma ya nguo wakiogopa moto, hilo nalo liseme. Baada ya hapo tukaanzisha zoezi la nyumbani: kila skauti anachora nyumba yao na kuandika nani analala wapi, kisha familia inachagua mti au jiwe la kukutania nje. Michoro ile iliporudi niliona mitatu ambayo nyumba ina mlango mmoja na dirisha moja lenye nondo. Nilikwenda kuzungumza na wazazi hao mmoja mmoja.

Gharama?

Ndoo, mchanga, filimbi, mishumaa, blanketi moja la zamani. Pia barua kwa kituo cha zimamoto kilicho karibu kuomba askari aje siku moja; andikeni mapema, kiangazi wana kazi nyingi.

Tangu mafunzo, mwanangu anatukagua kila usiku kabla ya kulala. Nifanyeje?

Mwache akague. Wa kwangu alinigongea mlango saa nne usiku kuniambia koki ya gesi iko wazi. Nilimwambia nimeifunga. Akabaki amesimama pale mlangoni na tochi yake, ikabidi niamke nikaangalie.